Maji ya Kijani

Kama kuna mtu anadhani kisasi ni lazima kiwe na kisu, huyo hajawahi kukaa miezi mitatu akizibua vitundu vya maji ya waipa kwa sindano ya kushonea, huku anamchekea mtu anayemchukia. Dada Kioo alikaa. Alikuwa fundi wa magari tangu ana miaka kumi na tisa, mikono yake inaijua nati kwa kuigusa tu, na alipokwenda kuomba kazi kwenye gereji ya kampuni ile ya kusambaza dawa za hospitali, hakwenda kwa sababu ya njaa. Kazi alikuwa nayo kwingine, na nzuri tu. Alikwenda kwa sababu ndani ya yadi ile, kwenye ofisi ndogo yenye dirisha la nondo, alikuwa anakaa mtu aliyemharibia kaka yake maisha.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari. Madereva walimwita Bwana Tiki, si mbele yake lakini, kwa kuwa zile fomu za ukaguzi wa asubuhi alikuwa anazipiga tiki zote kabla hata boneti moja haijafunguliwa. Breki, tiki. Taa, tiki. Maji ya kioo, tiki. Akimaliza anajimiminia chai na kuanza kulalamika kwamba siku hizi watu hawapendi kazi.

Kaka alikuwa dereva wake kwa miaka minane. Ni kaka yake Dada Kioo wa tumbo moja, mama mmoja baba wawili, ndiyo maana majina yao ya ukoo hayakufanana na hakuna aliyeshtuka alipoandikwa kazi pale. Huyo kaka ndiye aliyemfundisha kubadilisha tairi akiwa na miaka kumi, akimsimamia kama mwalimu mkali, na alipokosea kupandisha jeki alimwambia arudie, na arudie tena, mpaka jua linazama. Ufundi wote alionao leo ulianzia kwenye jeki ile.

Mwaka mmoja nyuma, saa moja asubuhi, kaka alitoka na pikapu imejaa maboksi ya dawa. Barabara ile inaelekea linakochomoza jua. Lori lililokuwa mbele likakanyaga dimbwi, tope likamrukia kioo kizima, naye akafanya ambalo dereva yeyote angefanya: akavuta kijiti cha waipa ili maji yaruke. Yakaruka. Lakini badala ya kioo kutakata, ukatanda utando wa kijani unaoteleza kama mafuta, waipa zikausambaza kila upande, jua likaupiga, na mbele yake kukawa mwanga mtupu. Alishika breki akiwa haoni kitu. Pikapu ikaacha njia, ikabamiza ukuta wa kalavati. Mkono wa kulia ukavunjika mara tatu, na mpaka leo hauinui hata kikombe.

Akiwa bado kitandani hospitalini, kaka aliandika barua ya kujieleza kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama zimelewa. Aliandika: "Nilivuta maji ya kioo, sikuona tena hata boneti." Bwana Tiki naye akaandika ripoti yake, akiwa mzima, kwenye meza yake, na chai pembeni. Aliandika kwamba dereva alisinzia. Akaongeza, maana mtu akishaanza uongo huwa ananogewa, kwamba maji ya kioo hayajawahi kumpofusha mtu, na kwamba hizo ni porojo za mtu anayejitetea. Mkurugenzi akaweka saini. Kaka akamwaga unga, leseni ikachukuliwa, na mtaani watu wakampa jina jipya: Kaka Usingizi.

"Mkono haunisumbui sana," kaka alimwambia dada yake wakati ule. "Nimeshauzoea. Linaloniua ni lile neno. Alisinzia. Dada, mimi sikusinzia."

Alilisema hilo kila siku kwa miezi kadhaa. Akinywa uji analisema. Mgeni akija kumjulia hali, kabla hajakaa vizuri, anaambiwa. Baadaye akaacha. Akawa anakaa tu kizingitini, mkono mbovu mapajani, anatazama watu wanavyokwenda kazini. Dada yake alidhani amechoka kusema. Na kadiri kaka alivyonyamaza, ndivyo yeye alivyozidi kumfikiria Bwana Tiki.

Basi akalivalia njuga jambo lile. Wiki ya kwanza kwenye gereji alifanya kazi yake na kufunga mdomo. Wiki ya pili aligundua kwamba kati ya magari kumi na mawili ya kampuni ile hakuna hata moja linalorusha maji sawasawa kwenye kioo. Mengine vitundu vimezibwa na vumbi, mengine mpira umetoboka, mengine pampu imeungua kwa sababu dereva anavuta na kuvuta wakati tangi ni kavu. Akayachukua moja moja. Akazibua vitundu kwa sindano, akaosha vichujio, akabadilisha mipira. Akawafundisha madereva wasitie sabuni ya vyombo maana povu lake likikauka linaganda mlemle ndani, wasitie maji ya mfereji yenye chumvi, na wasivute kijiti zaidi ya sekunde tano kama maji hayatoki. Akawaonyesha kile kifuniko chenye picha ya kioo na vinyunyizo.

"Hiki ni cha kioo. Na hiki hapa jirani yake ni cha kulanti, ile dawa ya kupozea injini," aliwaambia. "Vimekaa karibu kama mke na mume, lakini msije mkavichanganya. Mkichanganya, mtanikuta mochwari nimekuja kuwatambua."

Madereva walicheka. Wakampa jina la Dada Kioo. Lakini aliona kwamba walicheka kidogo, kisha wakatazamana, kisha kila mtu akakumbuka ana safari.

Aliyemfumbulia fumbo ni Mzee Spana, fundi aliyekuwa pale kabla ya kila mtu, mwenye vidole vyeusi ambavyo hakuna sabuni iliyowahi kuvishinda. Siku moja walikuwa chini ya gari wawili, wamelala chali, na chini ya gari ni mahali pazuri pa kuulizana mambo kwa kuwa hamtazamani usoni.

"Mzee wangu, kwani humu kulanti iliyotumika mnaitupa wapi?"

Mzee Spana aliacha kukaza nati. "Siku hizi tunaitupa kwenye pipa."

"Na zamani?"

Mzee akashusha pumzi. "Zamani tulikuwa na dumu. La bluu. Tukimwaga kulanti kuukuu kutoka kwenye rejeta, tunaikinga humo, tunachanganya na maji, tunajaza matangi ya vioo. Amri ya bosi. Isipotee bure, ndivyo alivyokuwa anasema. Kila kitu kwake ni isipotee bure. Mimi nilimwambia, bosi, hii inateleza, jua likipiga mtu hataona. Akaniambia mimi ni fundi, nisijifanye mhandisi."

"Halafu?"

"Halafu yule kijana akapata ajali. Saa tatu asubuhi habari zimefika, saa nne Bwana Tiki yuko hapa mwenyewe, koti amevua, anatusimamia tunamwaga matangi yote. Magari yote yaliyokuwepo. Tukayaosha na sabuni. Yaliyokuwa safarini yaliporudi jioni nayo tukayaosha. Hakutuambia kwa nini."

Dada Kioo aliitazama injini iliyokuwa juu ya pua yake. Alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kwa hiyo Bwana Tiki alijua. Alijua siku ileile, saa ileile, kabla kaka hajatoka hata chumba cha upasuaji. Alikwenda kuosha matangi kwanza, kisha akanawa mikono, kisha akakaa kuandika kwamba mtu alisinzia.

"Mzee, mbona hukusema?"

"Nina watoto, mwanangu." Sauti ya mzee ilikuwa ndogo. "Nani anauliza lakini? Wewe ni nani wake?"

"Ni kaka yangu," alisema.

Mzee Spana alikaza ile nati mpaka ikalia.

Kuanzia siku ile Dada Kioo hakulala vizuri. Msidhani alikuwa malaika. Kuna jioni aliyoifikiria njia ya mkato: kulanti kidogo kwenye tangi la gari la Bwana Tiki, asubuhi yenye jua, barabara ileile, na Mungu atajua mengine. Aliifikiria kwa raha kabisa, akitabasamu peke yake huku anaosha vyombo. Kisha akaitupa, wala si kwa huruma. Aliitupa kwa sababu maiti haiandikiwi barua ya kujieleza. Maiti inazikwa kwa heshima, watu wanaisifu, na kaka anabaki Kaka Usingizi mpaka naye azikwe. Yeye alimtaka Bwana Tiki mzima, na ulimi wake mdomoni, aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba maji yale yanapofusha. Na aseme mbele ya yule aliyeweka saini.

Nafasi ilijileta. Kampuni ya bima, baada ya kulipa ajali nyingi mno, ilimtuma afisa wake kuja kukagua magari. Na afisa yule, mtu mfupi mwenye miwani na maswali, alisema haamini fomu. Alitaka gari moja litolewe barabarani asubuhi, yeye mwenyewe akiwa ndani, zijaribiwe breki, taa, waipa na maji ya kioo. Mkurugenzi, mama mmoja mnyoofu asiyependa aibu, alisema naye atapanda.

"Tutatumia gari langu," Bwana Tiki alijitapa. "Jipya. Dada Kioo, litayarishe."

"Nitalitayarisha, bosi," alisema Dada Kioo, na moyo ukampiga kama pampu ya zamani.

Jioni ile alimwendea Mzee Spana. "Lile dumu la bluu bado lipo?"

"Liko nyuma ya matairi. Nililificha. Sijui kwa nini sikulitupa."

"Nioshee. Ndani lioshe mara tatu, litakate. Nje liache na ukoko wake."

Mzee akaenda kulileta.

Alichotia Dada Kioo kwenye dumu lile kilikuwa maji safi ya kioo, yale ya dukani, ya rangi ya kijani, aliyoyanunua mwenyewe na kuyachuja kwa kitambaa. Rangi ileile kabisa ya kulanti. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani, na hakuna kingine. Hapo ndipo kamari yote ilipokaa. Kama Bwana Tiki angeyavuta bila wasiwasi, kioo kingetakata, afisa angefurahi, na yeye angebaki mwanamke aliyejaza maji kwenye gari. Nafasi nyingine isingekuja. Alikuwa analiwekea dau jambo moja tu: kwamba mtu yule anajua alichokifanya, na kwamba mwili wake utakumbuka hata kama mdomo unakataa.

Asubuhi ilifika na jua lake, kali na la chini, linapiga moja kwa moja getini. Madereva wote walikuwa wamepangwa kwenye mstari kwa sare. Gari jeupe la Bwana Tiki limesimama katikati, na kioo chake kina vumbi, maana Dada Kioo alimwambia mwosha magari aoshe ubavuni tu, mbele aache. Bwana Tiki alikuwa amevaa tai. Mkurugenzi na afisa wa bima wakaja.

Dada Kioo akafungua boneti, akafungua kile kifuniko chenye picha, kisha akaenda nyuma ya matairi na kurudi na dumu la bluu, limebebwa juu juu kila mtu alione.

Mstari wa madereva ukatikisika. Mmoja akakohoa. Mwingine akatazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anavinunua.

"Hilo... hilo dumu la nini?" Bwana Tiki aliuliza.

"Ni lile la akiba, bosi. La zamani," alisema Dada Kioo, sauti tamu kama ya mtu anayehudumia harusi. "Nimelikuta nyuma ya matairi bado limejaa. Nikasema isipotee bure."

Bwana Tiki alifungua mdomo. Mkurugenzi akamgeukia, akisubiri. Akaufunga. Angesema nini? Akisema usiweke, ataulizwa lina nini. Na wanaojua lina nini walikuwa kumi na mmoja, wamesimama pale pale kwenye mstari, wanamtazama. Jasho jembamba likamtoka kwenye paji. Maji ya kijani yakashuka tangini polepole, glu, glu, glu, na Dada Kioo hakuwa na haraka yoyote.

"Tangi limejaa, bosi," alisema. "Naomba nipande nyuma, likitokea la kutokea niwepo."

Wakapanda. Bwana Tiki usukanini, afisa wa bima pembeni yake na daftari, Mkurugenzi na Dada Kioo nyuma. Gari likatoka getini, likaelekea kwenye jua. Afisa akajaribu breki. Nzuri. Akajaribu taa, akajaribu honi. Nzuri. Kila kitu kilikuwa kizuri, na Bwana Tiki alikuwa anaendesha kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza.

"Sasa maji ya kioo," alisema afisa.

"Kioo kisafi."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama. "Bwana, mimi hapa naona vumbi. Tena jua linalipiga. Vuta maji."

"Tutajaribu tukirudi. Kwenye kivuli."

"Kwenye kivuli nitajuaje kama yanafanya kazi juani?"

"Pampu bado mpya, isije ikaungua..."

"Pampu inaungua tangi likiwa kavu," alisema Dada Kioo kutoka nyuma, kwa upole. "Hili limejaa mpaka shingoni, bosi. Umeliona mwenyewe."

Kwenye kioo kidogo cha juu macho yao yakakutana. Hapo Bwana Tiki alianza kuelewa kwamba nyuma yake amekaa mtu, si fundi tu. Dada Kioo hakuyakwepesha macho yake. Alikuwa anaomba kimoyomoyo: usivute, mwanaharamu wewe, usivute.

"Vuta," alisema Mkurugenzi. "Tunachelewa."

Mkono wa Bwana Tiki ulitoka kwenye usukani, ukakaribia kijiti, ukasimama. Ukarudi kwenye usukani.

"Kama hutaki, nitavuta mwenyewe," alisema afisa wa bima, akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Bwana Tiki alimdaka kiganja, akakandamiza breki, gari likayumba na kusimama ukingoni. "Usivute! Hatutaona kitu! Mnataka tufe?"

Afisa wa bima akaurudisha mkono wake kwenye daftari.

"Tufe," alisema Mkurugenzi, neno kwa neno, "kwa maji ya kioo?"

"Si maji! Huyu mwanamke ameweka kulanti kuukuu! Hamuijui nyie, inaganda kama mafuta, jua likipiga huoni hata boneti!"

Alipolitamka hilo la mwisho alilisikia mwenyewe. Mkurugenzi naye alilisikia. Aliinua kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliposoma sentensi fulani, na Dada Kioo aliona wakati alipoikumbuka, kwa sababu uso wake ulibadilika rangi.

"Sikuona tena hata boneti," alisema Mkurugenzi. "Dereva wa pikapu aliandika hivyo. Na wewe uliniandikia kwamba maji ya kioo hayajawahi kumpofusha mtu. Umejuaje leo?"

Bwana Tiki alianza kuilegeza tai yake.

Dada Kioo akajipenyeza katikati ya viti viwili, akanyoosha mkono wake wenye grisi, akavuta kijiti. Bwana Tiki akafumba macho. Maji ya kijani yakaruka kutoka vitundu vyote vinne, sawasawa, kwa nguvu, waipa zikapita mara mbili, na kioo kikatakata hata ungeweza kuhesabu mawe ya barabarani.

"Ni maji safi," alisema. "Nimeyanunua dukani. Kilichomfunga mikono asiyavute ni dhamira yake mwenyewe. Na mimi ni dada yake yule dereva."

Yaliyofuata barabarani hayakuchukua muda. Bwana Tiki aliyatapika yote, dumu, amri, matangi yaliyooshwa, kisha akaanza kuomba, akimwita Dada Kioo mara mama, mara dada yangu. Afisa wa bima aliandika mpaka kalamu ikakwaruza. Mkurugenzi alikuwa ameshika tama. Mwishowe alisema barua ya kumrudishia kijana jina lake na leseni yake itatoka siku hiyohiyo.

"Barua ni sawa, mama," alisema Dada Kioo. "Lakini kwanza huyu aende akamwambie kaka. Kwa mdomo."

Mkurugenzi aliwaza kidogo. "Endesha wewe," akasema.

Dada Kioo aliendesha, na Bwana Tiki alikaa nyuma amejikunyata, tai imeenda upande. Njia nzima yule mwanamke alikuwa anahisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi kwa mwaka mzima. Basi, alijiambia. Atasema, kaka atasikia, kisha nitamwacha aende zake na aibu yake. Sitamfuata tena. Imetosha. Na kwa kweli alikuwa anamaanisha.

Mtaani watu walikuwa wanaanika nguo, wanafagia mbele ya milango. Gari jeupe liliposimama, mafagio nayo yakasimama. Kaka alikuwa kizingitini kama kawaida, anahangaika kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Alipomwona bosi wake wa zamani anashuka, aliinuka nusu, kwa ile adabu ya miaka minane, na dada yake alikasirika kuona hivyo.

"Sema," Dada Kioo alimwambia Bwana Tiki.

Bwana Tiki alisema huku anatazama chini. "Hukusinzia. Ilikuwa ni kulanti. Niliamuru mimi iwekwe. Nilijua siku ileile."

Dada Kioo alisubiri. Alikuwa ameiota saa hii mara nyingi: kaka ananyanyuka, kaka anapiga kelele, kaka anamtukana mtu yule mpaka mtaa unajaa. Kaka hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama Bwana Tiki kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu.

"Una uhakika?" aliuliza.

"Nina... ndiyo."

"Kweli kabisa? Kwa sababu mimi..." Sauti ikamkatika, akaianza upya. "Mimi nilishaamini kwamba nilisinzia. Nimekaa hapa kila siku najiuliza. Nikasema labda ule ute wa kijani niliuota. Labda nilisinzia kweli nikauota. Watu wote hawawezi kuwa waongo, mimi peke yangu mkweli." Akamgeukia dada yake, machozi yanashuka na hayafuti. "Ndiyo maana niliacha kukwambia, dada. Niliona nakudanganya."

Miezi ile yote Dada Kioo alidhani kaka amechoka kusema. Kumbe walikuwa wamemwibia hata kujiamini mwenyewe, wakamwacha kizingitini anajihukumu kwa kosa lisilokuwa lake. Na ule wepesi wa njiani ukatoweka wote. Ikarudi chuki, mbichi, kubwa kuliko ile ya mwanzo, na safari hii hakuwa na mpango wowote wa kuizuia.

"Rudia," alimwambia Bwana Tiki.

"Dada yangu, nimeshasema..."

"Rudia. Kwa sauti."

Bwana Tiki alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akageukia upande wa pili.

"Hukusinzia," alisema Bwana Tiki, kwa sauti.

Dada Kioo akamshika mkono wa koti, akamvusha njia, akampeleka kwenye mlango wa jirani wa kwanza kati ya wote waliomwita kaka yake Usingizi, akapiga hodi.